Muulize Anko: Tuna laki moja, tunataka kutoa kijarida cha muziki na michoro

Toleo lililopita nilichomekea mistari miwili tu kwamba kabla sijawa Anko wa safu hii nilikuwa natoa kijarida changu mwenyewe cha muziki na michoro, cha fotokopi, nakiuza mkononi kwenye shoo. Mistari miwili. Meseji zilizoingia saivi zinatosha toleo zima, nyingine ndefu kuliko safu yenyewe, kwahiyo wale wa ndoa na wale wa mikopo ya simu naomba mnivumilie mwezi huu, zamu yenu inakuja.

Kwanza jina, maana wengi mmeuliza. Wenzetu vijarida vya namna hii, vya mtu na rafiki zake, karatasi chache, wanaviita zine, wamelikata neno magazine kichwa wakabaki na mkia. Sisi tukiliandika kwa tahajia yetu linakuwa zini, na hilo shehe anajua maana yake na padri anajua maana yake, ukilipiga kwenye jalada mama yako atakuita chumbani mfunge mlango. Kwahiyo mi naandika kijarida na maisha yanaenda.

Anko shikamoo. Mi nachora na mwenzangu anaandika, tuko Morogoro. Tunataka kutoa jarida la wasanii wa hapa Moro ambao hakuna anayewaandika. Tumechanga tumefikisha laki moja. Tulienda kwa wachapaji wakatuambia wanaanzia nakala 500, tukawatajia kurasa 48 za rangi karatasi ya kung'aa kama tulivyopanga, bei waliyotupa ni zaidi ya milioni mbili, tukatoka kimyakimya kama watu waliokosea mlango. Tutafute mdhamini au tusubiri mpaka hela itimie? — Mchoraji, Msamvu

Marahaba mwanangu. Msisubiri, na mdhamini msimtafute, maana mdhamini wa toleo la kwanza atataka nembo yake iwe kubwa kuliko mchoro wako, alafu atakuwa na shemeji yake anaimba.

Hao wachapaji hawakuwa wanawaibia ila. Mashine kubwa za ofseti zinahitaji pleti, yale mabamba membamba ya kuchapia, rangi kamili ni pleti nne kwa kila upande wa karatasi, alafu fundi akishazifunga anaanza kuharibu karatasi mpaka wino ukae sawa, na hiyo kazi yote ni ileile uwe unataka nakala 50 au 5,000. Ndo maana anakuambia 500, anatafuta pa kuigawanya gharama. Ukimwendea na laki moja ni kama umekodi basi zima kumpeleka mtoto mmoja shule.

Nyie pakwenu ni steshenari. Ile ile ya kutolea kopi vyeti na barua ya mtendaji.

Sasa chukua karatasi moja ya A4 hapo ulipo, ikunje katikati. Umepata kurasa nne ndogo za A5. Kwahiyo kurasa za kijarida zinakwenda kwa nne nne, 8, 12, 16, 20, hamna kurasa 18, ukiwa na 18 umepata 20 zenye mbili tupu na utazijaza saa sita usiku na kitu cha hovyo, najua. Anza na 16 za ndani ambazo ni karatasi nne tu, alafu jalada liwe manila, ile manila ya rangi ya kufungia ripoti za chuo, nyekundu au njano, ukiipiga kopi ya wino mweusi juu yake inatoka na sura kuliko hiyo karatasi ya kung'aa mliyokuwa mnaiota. Mchoro wako wewe mstari wake mzito? Ndo kabisa, manila imeumbwa kwa ajili yako.

Kinachowapoteza watu ni mpangilio. Ukurasa wa 1 haukai karatasi moja na wa 2 ubavu kwa ubavu, unakaa na wa 16. Kanuni ambayo nilikaririshwa na mzee mmoja mpiga chapa ni hii, kila upande wa karatasi namba mbili zikijumlishwa zipate kurasa zote ongeza moja. Kwa 16 ni 17. Yaani 16 na 1, nyuma yake 2 na 15, karatasi inayofuata 14 na 3, nyuma yake 4 na 13, hivyo hivyo mpaka katikati zinakutana 8 na 9. Namba witiri daima mkono wa kulia. Kama mnapanga kwenye kompyuta baadhi ya programu za kusomea PDF zina sehemu ya kuchapa kama kitabu zinapanga zenyewe, lakini hata hivyo tengeneza kwanza cha mfano kwa karatasi chakavu, andika namba kwa kalamu, ukunje, ufunue, uone. Dakika kumi. Mi sikufanya, toleo la kwanza nikampelekea dada wa steshenari karatasi zangu, akanipigia nakala 40 pande mbili, nimefika nyumbani nakunja, kurasa za ndani zimesimama kichwa chini miguu juu. Karatasi yenye kurasa mbili ubavu kwa ubavu inageuzwa kwa upande mfupi, yeye aligeuza kwa upande mrefu kama anavyogeuza siku zote, na kosa halikuwa lake, mi ndo sikumwambia. Zile 40 niliziuza hivyohivyo nikasema ni sanaa. Wengine waliamini.

Hela sasa. Nawapa bei nilizolipa mimi mtaani kwangu Magomeni mara ya mwisho, nyie ulizeni huko kwenu, karibu na chuo mara nyingi ni rahisi zaidi. Kopi upande mmoja Sh 50. Karatasi nne pande mbili ni pande nane, Sh 400. Manila pamoja na kuipiga upande mmoja Sh 250. Kijarida kimoja Sh 650. Mkipiga 60 ni Sh 39,000. Weka na Sh 1,800 ya kuprinti nakala mama tisa, nane za ndani na moja ya jalada, kwa printa nzuri ya leza, ambazo ndo zitapigwa kopi, hapo usibane hela kwasababu kopi haiwezi kuwa nzuri kuliko mama yake, na Sh 1,000 ya pini. Jumla Sh 41,800. Laki yenu imebaki na zaidi ya nusu, na hiyo iliyobaki sio ya kuongeza nakala, ni toleo la pili. Mnanielewa? Waliokufa na toleo moja wote ninaowajua walikufa kwasababu walimaliza hela kwenye la kwanza, sio kwasababu la kwanza lilikuwa baya. Rafiki yangu mmoja alipiga nakala 400 za kijarida cha hip hop, kizuri kweli, akauza 70, zilizobaki ameishi nazo uvunguni miaka sita mpaka akaoa, mke akazikuta, ndo zikaanza kuwashia mkaa.

60 nzima sio kidogo. Mark Perry wa London, karani wa benki, mwaka 1976 alianza kijarida chake cha muziki wa panki kilichoitwa Sniffin' Glue, vichwa vya habari kaandika kwa kalamu nene, toleo la kwanza nakala 50 hivi. Baadae akawa anauza kwa maelfu. Uzuri wa fotokopi ni kwamba zikiisha Jumamosi, Jumatatu unarudi kwa yule yule dada unaongeza 20. Ofseti haina huruma hiyo.

Kubana sasa, maana hili nalo wataniuliza tu. Stepla ya kawaida haifiki katikati ya A4, mkono wake mfupi. Fundi atakuambia kuna stepla ndefu, ipo, bei yake ni toleo zima. Fanya hivi: chukua ndala, ile ya mpira laini, igeuze. Fungua stepla iwe wazi kabisa, mdomo wa chini uutoe kazini. Laza kijarida kikiwa kimefunuliwa, jalada juu, mgongo wake uwe juu ya ndala, gonga pini mbili kwenye mkunjo. Pini zinazama kwenye mpira, zichomoe taratibu pamoja na karatasi, geuza, ile miguu ya pini ilaze kwa mgongo wa kijiko. Usiku wa toleo la tatu tulikuwa wanne sebuleni, umeme umekatika, tunatumia tochi ya simu iliyosimamishwa ndani ya glasi, mmoja anakunja, mmoja anagonga, mmoja kijiko, dada yangu anahesabu na kutukana, nakala 80 saa mbili na nusu, na ndala ya shemeji ilitoka na matundu kama chujio.

Alafu na ushauri ambao hukuuliza. Usiende steshenari iliyo karibu na chuo wiki za mwisho wa muhula, utakuta foleni ya ripoti za fildi mpaka barabarani. Nenda asubuhi, wino ukiwa haujachoka, na mwambie akupigie kopi moja tu kwanza uishike.

Mnaandika nini humo? Msije mkajaza mahojiano ya mastaa ambao redio zote zimeshawahoji. Nyie mko Morogoro bana, mji ambao bendi mbili, Cuban Marimba ya Salum Abdallah na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe zilikuwa zinagombania mashabiki, nusu kwa nusu, kama Simba na Yanga. Mbaraka alifariki mwaka 1979 kwa ajali ya gari akiwa Mombasa, sio zamani hivyo, kuna wazee hapo mjini walikuwa wanamcheza ukumbini kwa suruali za bugaluu na wanakumbuka nani aliiba mke wa nani. Wako hai leo, sikuambii kesho. Mmoja arekodi kwa simu, wewe mchore uso wake anaongea. Kwenye kijarida changu mimi ukurasa uliouza kuliko yote haukuwa wa mwanamuziki, ulikuwa wa fundi anayesuka upya koili za spika za singeli kule Manzese, tulikaa nae jioni nzima anatuonyesha waya mwembamba kama unywele anauzungusha kwa kidole, anasema spika inakuja imeungua mara mbili kwa mwezi kwasababu dj anapandisha mpaka mwisho alafu anapandisha tena. Madj ndo walionunua. Walinunua mbili mbili.

Anko mi wa Tanga, kijarida tumeshatoa toleo moja ila picha zote zimetoka nyeusi tii, watu hawaonekani, zinaonekana meno na miwani. Na michoro ya penseli ya mwenzetu imepotea kabisa. Tatizo mashine?

Mashine haina kosa, inafanya ilichozaliwa kufanya, yenyewe inajua nyeupe na nyeusi basi. Mmepiga picha usiku, shoo, taa ya bluu, ngozi zetu hizi za Mungu, alafu mnaipelekea fotokopi, itaona nini kama sio usiku? Fanyeni kazi kwenye simu kabla. Picha igeuze iwe nyeusi na nyeupe, pandisha mwanga, pandisha hasa sehemu zenye kivuli, mpaka ikuudhi machoni, yaani uione kwenye skrini useme hapana hii imezidi. Hapo ndo imetosha. Halafu kuna programu za bure zinazogeuza picha kuwa nukta nukta kama za gazetini, sogeza gazeti puani utaziona, nukta kubwa ndo kivuli na nukta ndogo ndo mwanga, na fotokopi inazipenda hizo kwasababu kila nukta ni nyeusi kamili. Kama mnaweza wapigeni wasanii wenu mchana, wameegemea ukuta mweupe. Tanga mna kuta za kila rangi, zile za majengo ya zamani zimebanduka rangi vizuri, mnataka nini tena?

Penseli haipiti. Na biki ya bluu inapita nusu. Mwambie mwenzenu apitishe kalamu nyeusi juu ya mistari yake, akikataa kwamba ataharibu mchoro mwambie achore mwingine.

Kama mmefika nakala 100 na kuendelea, kuna siri. Ulizeni shuleni au kwenye vituo vya kuchapia mitihani kama wana riso. Ile mashine ya Kijapani inayofanana na fotokopi ila ndani ina pipa la wino na stensili, ndo mrithi wa zile stensili za kuzungusha kwa mkono ambazo wazee wenu walifanyia mitihani mikono imejaa wino. Inatoboa stensili moja kwa kila upande, hiyo ndo inalipiwa, baada ya hapo kopi zinateremka kama mvua na bei ya kila moja inashuka kadri unavyoongeza. Ulaya na Marekani wachoraji wanaigombea hiyo mashine, wanaifungulia studio, wanachapia vijarida vya sanaa vya rangi mbili tatu na kuviuza bei ambayo sitaitaja hapa. Kwetu iko kwenye chumba cha mwalimu wa taaluma imefunikwa kitambaa inasubiri mock. Ongeeni na mwenye nayo wiki isiyo na mitihani. Wino wake unachelewa kukauka, ukishika na jasho unatoka na kidole, kwahiyo ziacheni zilale usiku mzima kabla ya kukunja, na msizipitishe kwenye printa ya leza baadae, mtachafua mashine ya watu.

Anko salaam aleikum. Niko Mombasa, ninakusanya mashairi ya taarab za zamani niyatoe kijitabu na picha za waimbaji nilizozipata Instagram. Nyimbo zenyewe za kale, wengi washafariki. Kuna ubaya? — Binti wa Kibokoni

Waleikum salaam binti yangu, kazi unayoifanya ni nzuri na ndo maana naandika taratibu. Wimbo kuwa wa kale haumaanishi hauna mwenyewe. Kwenu Kenya sheria ya hakimiliki ya mwaka 2001 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki, haki inabaki kwa warithi. Na kwenye taarab we mwenyewe unajua, aliyeimba mara nyingi siye aliyetunga, mtunzi yupo nyumbani kwake anasikia maneno yake redioni anakunywa kahawa. Kwahiyo kabla hujauliza ruhusa inabidi umjue wa kumuuliza, na hiyo peke yake ni nusu ya kijitabu chako, iandike.

Ukichambua wimbo ukanukuu beti mbili na kumtaja mtunzi, hapo sheria inakuruhusu. Ukiweka wimbo mzima, nenda kwa familia. Usiende na maneno matupu, nenda na ukurasa wenyewe umeshauprinti, jina la mzee wao limekaa juu kwa herufi kubwa, nenda na karatasi ya ridhaa mistari mitatu watie saini, na uahidi nakala tano. Nimefanya hivi mara kadhaa, kuna nyumba moja nilikwenda kuomba wimbo mmoja, nikapewa chai, mkate wa mofa, na daftari zima la beti ambazo hazijawahi kuimbwa popote. Kuna nyumba nyingine nilifukuzwa. Yote ni sawa, waliofukuza wana haki yao.

Picha za Instagram hapana. Aliyeziweka kule mara nyingi naye kaziokota, na mwenye picha ni mpiga picha au familia yake. Ukishaingia hizo nyumba kuombea mashairi waombe na albamu, utapiga picha ya picha kwa simu karibu na dirisha, itatoka nzuri kuliko ile ya mtandaoni iliyosevuliwa mara mia mpaka nyuso zimekuwa uji.

Wa Tanzania waliouliza swali hilohilo, sheria yetu ni ya 1999 na ofisi ya hakimiliki ni Cosota, utaratibu wa chai na karatasi ni uleule.

Bro, vinauzwa wapi? Dukani hawataki kuvipokea na marafiki wote wanataka bure.

Dukani achana nako kwa sasa. Duka moja la vitabu mjini, silitaji, lilichukua nakala zangu 20 kwa mali kauli, nikaenda baada ya mwezi, bosi hayupo, miezi miwili, bosi kasafiri, mwezi wa tatu nikaziona mwenyewe, zote 20, ziko chini ya feni imesimamishwa juu yake isitikisike. Nilizichukua. Feni ikaanza kutikisika.

Uza pale muziki ulipo, watu wakiwa bado wana joto la shoo, getini wanapotoka sio wanapoingia, wakiingia wanawaza kiingilio. Dar sehemu kama Nafasi Art Space pale Mikocheni watu wanaokuja wamekuja kwa sanaa tayari, kule hupigi debe sana, ila omba ruhusa kwanza kama mgeni mwenye adabu. Saluni za kiume ndo dhahabu, unaacha nakala moja imefungwa uzi kwenye kiti cha kusubiria, mtu anasubiri zamu dakika 40 simu imeisha chaji, atasoma tu, na kinyozi ana nakala tano kwenye droo anauza anabaki na Sh 200 kila moja. Huyo atakulipa, kwasababu unanyoa kwake.

Bei iwe noti moja. Nilishawahi kuweka 1,500 nikaumia, usiku hakuna chenji, mtu ana elfu mbili ameinyoosha wewe huna jero anairudisha mfukoni. Elfu moja. Kwa ile hesabu ya mwanangu wa Morogoro, nakala 60, kumi wapewe walioandikwa na waliochora, 50 zikiuzwa elfu moja ni Sh 50,000, zimerudi zote na Sh 8,200 juu, ya chipsi. Hutajirika, lakini hela ya toleo la pili haijaguswa. Nyuma ya jalada weka namba ya kulipia kwa simu, ya biashara kama unayo, sio ile namba yako ambayo ex wako pia anayo.

Marafiki wanaotaka bure wape kazi ya kukunja. Akikunja 30 apewe moja. Utashangaa wangapi wataona ni rahisi kununua.

Je nahitaji leseni? Nisije nikakamatwa kwa karatasi nne.

Swali la maana na watu wengi wanalikwepa. Hapa Tanzania Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 inataka magazeti na machapisho ya namna hiyo yawe na leseni, na wanaohusika ni Idara ya Habari Maelezo. Kijitabu cha mara moja cha michoro na mashairi, na jarida lenye namba za toleo linalotoka kila mwezi na habari ndani, sio kitu kimoja, kwahiyo ukijiona unaelekea kwenye hilo la pili nenda kaulize kwao mapema ukiwa na nakala mkononi, ueleze ni kitu gani, usisubiri mtu akuulize wewe. Kama unatoa kitabu kabisa, namba ya ISBN, ile ya kukitambulisha kitabu, inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, na wapelekee nakala wahifadhi, mi zangu sikupeleka na sasa najuta kwa sababu utakayoiona mwisho wa safu. Humo ndani mwandike vitu mnavyoweza kuvisimamia. Umbea wa nani kampa nani mimba uacheni, sheria ya kashfa haiangalii nakala ni 60.

Kwanini usitoe PDF tu uitupe WhatsApp, gharama sifuri?

Toa. Ila itoe wiki mbili baada ya karatasi, sio kabla. Kuna mdau wangu yuko Muscat, miaka yote alikuwa anapata kwa PDF, hakuna namna nyingine, na A5 kwenye simu inasomeka bila kukuza kuza, hiyo ni faida ya kijarida kuwa kidogo. Punguza uzito wake lakini, ukituma faili la MB 60 unamla mtu bando lake. Tofauti niliyoiona mimi ni kwamba PDF watu wananijibu "nimeiona", ya karatasi wananijibu kwa kunisahihisha jina la mpiga gita wa mwaka 1968.

Anko hivyo vijarida vyako vya zamani bado unavyo? Nataka kununua vyote.

Kimebaki kimoja, toleo la nne. Panya kala kona ya chini kulia, kuanzia jalada mpaka ukurasa wa 11, ndo hapo alipochoka. Yule fundi wa spika yuko ukurasa wa 9 na kabaki mzima isipokuwa kidole kimoja. Hakiuzwi. Ila nenda katoe kopi, nitakuazima nikiwa nimesimama pembeni ya mashine.